Fungu la Misambi

Goma, Mabanga, tarehe 23 mwezi wa tisa 2025

Shemeki Télesphore,

Siku ya posho, jumamosi tarehe 20, tumepoteza misambi kumi na mmoja, korongo wetu wa taji, kwenye bonde letu la Kasihe. Kumi na mmoja, siku moja. Naandika namba hiyo mara mbili juu wewe haukuiandika hata mara moja.

Habari nimeipata kwa Gentil, mutu wa fromage, anayeteremusha jibini za mulima. Alisimamisha moto, pikipiki yake, mbele ya duka langu hapa Birere, kreti ya fromage ingali imefungwa nyuma, akaniambia mbele ya wateja: "Mama Bénie, pole kwa ndege zako." Nikamuuliza ndege gani. Alifikiri namutania. Kumbe mutu anayepita njia tu amejua kifo cha nyumbani kwangu, na wewe, mudogo wa bwana wangu, unayeona bwawa ukifungua macho asubuhi, umenyamaza. Najua antenne ya simu ya mulima imekufa tangu vita. Lakini Gentil hajafa. Anapanda siku ya tatu, anashuka siku ya ine. Anapanda siku ya tano, anashuka siku ya posho. Karatasi unayo, kalamu unayo.

Jephté alipokufa, ndugu zenu walinishauri nikaushe bwawa nilime viazi mpaka kwenye maji. Nilikataa. Nikaacha ukingo wa nusu hectare bila jembe. Damascène akakubali kupitisha ng'ombe zake upande wa chini, wewe ukakubali kuangalia, na kilima chote kikacheka: "Mujane wa Jephté anafuga korongo!" Mimi sikupenda misambi kwa ajili ya taji lao la dhahabu. Nilianza maisha ya hapa na kopo moja la guigoz la maharagi, nimeketi juu ya mawe ya volcano yangali na joto, mwaka ule moto ulipokula Birere. Mimi nafanya hesabu. Misambi walipokuwa watatu, viwavi walikula mustari mumoja wa mahindi katika kila mistari ine. Walipofika kumi na saba, viwavi walipata mustari mumoja katika makumi mbili. Hapo kicheko kikaisha.

Na zile punje wanazochimbua, mama mukwe alikuwa na jibu lake mbele sijaolewa kwenu. Siku ya kwanza ya kupanda, wanawake wanamwaga kikapu kwenye ukingo wa maji, fungu la misambi, mbegu ile ile inayoingia shambani, si mbovu, si ya mwaka jana. Aliniambia siku ya kwanza kunishika mukono: "Musambi hadanganywi. Unamupa kile unachojipa." Ndege wanashiba pale, mistari inapona. Najua na mwaka huu alimwaga.

Sasa nijibu. Mwezi wa saba nilihesabu kumi na saba kwa macho yangu. Kumi na mmoja wamekufa. Gentil ameona wane ng'ambo ya maji. Hao ni kumi na tano. Wawili wako wapi? Na ni nini iliyowaua?

Kanyere, mama Bénie


Kasihe, tarehe 25 mwezi wa tisa 2025

Mama Bénie, shemeki wangu wa heshima,

Amani ya Bwana iwe nawe na mutoto Bénie. Sisi huku tunaendelea na neema, mvua imeanza vizuri, watoto wanasoma chini ya turubai mpaka shule itakapopata mabati.

Umenikasirikia na ni haki yako. Sikuandika juu sikutaka kukutumia habari nusu nusu. Mutu hapeleki chungu kwa mugeni mbele maharagi hayajaiva. Sasa yameiva. Kwenye ukingo wa bwawa Benny, mmoja wa vijana wa hapa, amekuta chupa ya dawa ya kupe, ile wanayoogeshea ng'ombe. Hapa Kasihe kila mutu anajua nani ana dawa ya kupe. Damascène alikuwa analia tangu zamani kwamba ukingo ule una majani mazuri na ng'ombe zake zinayaangalia tu kwa macho. Misambi wakiisha, ukingo utafunguliwa. Mimi simuhukumu. Nasema yale watu wanasema.

Chef wa kijiji ameita watu siku ya Mungu, tarehe 5, baada ya misa. Inaonekana Damascène ataambiwa atoke na ng'ombe zake saba. Vijana wana hasira, tunawashika.

Kuhusu wale wawili: ndege ana mabawa, shemeki. Pengine wameruka kwa woga.

Mama anakusalimu sana. Kifua kinamusumbua kidogo, anashinda jikoni na hapokei watu. Anasema semence, mbegu ya duka uliyotutumia, ile nyekundu, imeota yote, haijapata kuonekana hapa. Wanawake wanaomba kilo makumi ine zaidi kwa mashamba ya chini. Watapanda kuanzia tarehe 6.

Ndugu yako mudogo katika Kristo,
Télesphore


Goma, tarehe 26 mwezi wa tisa 2025

Shemeki,

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipojibu. Maharagi yako bado mawe.

Chupa hiyo ilikuwa imejaa ao tupu? Dawa ya kupe ikimwagwa kwenye maji, wa kwanza kugeuza tumbo juu ni chura. Chura walikufa? Bata wa maji je? Ng'ombe za Damascène zinakunywa maji yale yale: ngapi zimeanguka? Kama jibu ni hakuna, basi unataka niamini kwamba mutu amemwaga sumu kwenye kinywaji cha ng'ombe zake mwenyewe, na sumu hiyo ikachagua kuua wenye taji tu. Sumu yenye akili namna hiyo, niletee niiuze dukani.

Fungua ndege mmoja. Kama mumewazika, fukua. Pasua chini ya shingo, pale kuna mufuko anapowekea chakula mbele hakijafika tumboni. Uniandikie umeona nini ndani. Si nini watu wanasema.

Na wale wawili, nitakuambia kitu kinachonizuia kula. Hapa mujini, kwenye nyumba za wakubwa kando ya ziwa, nimeona musambi aliyekatwa mabawa anatembea kwenye bustani kama mulinzi wa geti. Mutu wa mahali fulani alimukamata, mutu wa mahali fulani alimuuza. Nimemuvuta Gentil pembeni nikamuuliza kama amewahi kubeba kreti kutoka kwako isiyo ya fromage. Aliapa hapana, akanuna, na fromage yangu ya juma hili amenipa yenye ukungu. Kama uliuza, sema. Nitakutukana, kisha tutakula pamoja siku ya Noeli. Kama haukuuza, usiniambie habari ya mabawa. Misambi wanaishi wawili wawili mpaka kifo, hawaachi bwawa lao wakati wa mvua, wakati wa kutaga. Hilo ulinifundisha wewe.

Juu ya Damascène, muzuie kila mutu mpaka nipate jibu. Kumutoa mutu kwenye kilima ni rahisi. Kumurudisha nani amewahi?

Kilo makumi ine ziko kwenye moto ya Gentil. Nimezimimina kwenye mifuko myeupe ya kilo kumi kumi kama safari ile, juu gunia nzima ya kiwanda haikai kwenye moto. Umusalimie mama mukwe. Nimeweka na dawa ya kifua.

Kanyere


Kasihe, upande wa chini, tarehe 27 mwezi wa tisa 2025

Kwa Mama Bénie,

Ni mimi Damascène, mufugaji. Hatujawahi kuandikiana, tulikuwa tunasalimiana tu ukija kuangalia shamba. Nisamehe mwandiko.

Chupa ni yangu. Inakaa kwenye kibanda pale ninapoogeshea ng'ombe, tangu mwezi wa sita. Ilikuwa nusu, ingali nusu, hakuna tone lililopungua. Nilimuona Benny akitoka kwenye kibanda akiwa nayo mukononi. Nilifikiri ameazima. Kesho yake nikasikia imeokotwa bwawani.

Kuna jambo lingine na hili ndilo linanifanya niandike. Juma hili Mama Perpétue, mama mukwe wako, aliniita kwa mulango wa nyuma. Alisema: "Damascène, mwanangu, wewe unajua miguu ya wanyama. Njoo uone." Jikoni mwake mulikuwa na misambi wawili, amewalaza juu ya majani ya ndizi karibu na mafiga. Aliwaokota kwenye majani marefu asubuhi ile ya kifo. Miguu imelegea, shingo chini. Nikamuambia awape maji, awaache kwenye kivuli, asiwalazimishe kula. Wakasimama. Alifurahi, akapiga makofi, mmoja akafungua mabawa kama anataka kucheza. Ndipo akawapa mahindi ya kupanda kwa mukono wake, wapate nguvu. Wakaanguka tena. Wakakataa kula, wakasimama. Akawapa tena, wakaanguka.

Aliniuliza: "Ni kama malaria, inatoka inarudi?" Alikuwa ameshika kichwa cha yule mudogo na viganja vyake vilikuwa vyekundu kama mutu aliyepakua mawese. Aliniona ninaviangalia. Akasema: "Ni semence ya mukwe wangu, inatoa rangi."

Nikitoka, Télesphore alinikuta kwenye uzio. Aliniambia nikitaja ndege hao kwa mutu yeyote, vijana hawatangoja siku ya Mungu.

Mimi nina ng'ombe saba, muke wangu Charline na watoto wane. Watoto wamezaliwa hapa. Nakuandikia juu wewe ndiye uliyenipa njia ya upande wa chini na haukunigeuka hata siku moja. Kama una neno, litume upesi.

Damascène


Goma, siku ya Mungu, tarehe 28 mwezi wa tisa 2025

Télesphore,

Sikungoja Gentil. Huyu anayekupa barua ni motard wa Birere, mwendesha moto, Dieudonné, anapeleka mizigo mbele yako na hawezi kusimama kungoja jibu. Wewe soma tu. Soma ukiwa peke yako.

Ni mbegu. Si chupa, si ng'ombe, si Damascène. Ni mbegu yangu.

Ile rangi nyekundu si urembo. Kiwanda kinapaka kila punje dawa ya wadudu ili isiliwe ndani ya udongo, kisha kinaweka rangi ili mutu asiitie kwenye chungu. Ikifunikwa na udongo, haina shida nawe. Ikimwagwa kikapu kizima juu ya majani, ni sahani ya sumu. Miaka yote mama alimwaga mbegu yetu, ile tunayoikausha juu ya moshi wa jiko. Mwaka huu mulikimbia, muliporudi mukakuta wengine wameshaila. Nikatuma semence. Na mama akafanya kama alivyofundishwa na mama yake: akawapa misambi kile alichojipa.

Kwenye gunia ya kiwanda kuna picha ya kichwa cha mufu na mifupa miwili. Hakuna mutu wa Kasihe aliyeiona, juu gunia ilibaki kwangu Birere. Mimi njo nilimimina kwenye mifuko myeupe isiyo na maneno. Kila mukulima anayenunua kwangu namuambia nawa mikono, usile, usiwape kuku. Sikumwambia hata mmoja: usiwape korongo. Nani mwingine katika Kivu yote anawaandalia korongo meza? Watu wa kwetu tu. Sehemu hiyo ni yangu, nimeibeba tangu jana jioni na sijaiweka chini.

Sasa toa mufuko ule jikoni mwa mama, leo, si kesho. Anawe mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko. Wale wawili wapewe maji, na wadudu wa shambani, na mahindi ya chakula kama wanataka punje. Kilo makumi ine nilizotuma zisimwagwe popote. Ziingie udongoni urefu wa kidole, na punje iliyodondoka iokotwe. Fungu, kama wanawake wanalitaka, litoke kwenye mahindi ya kula.

Nimekudhania kwamba uliuza wale wawili. Nakuomba radhi kwa hilo. Kwa hilo tu.

Kwa sababu nilikuomba upasue ndege mmoja na tangu hapo kimya. Wewe si mutu wa kusahau. Ulipasua mbele sijakuomba, sivyo? Uliona nyekundu. Na pamoja na hayo umesimama kwenye uzio ukimutisha Damascène. Ni nani unayemuficha, Télesphore? Kama ni yule ninayemufikiria, niambie kwa mukono wako.

Kanyere


Kasihe, tarehe 2 mwezi wa kumi 2025

Mama Bénie,

Barua yako niliisoma chooni, juu hapa kwetu siku hizi hiyo njo nyumba pekee iliyobaki na mulango. Niliisoma mpaka mama akauliza kwa sauti kama nimezama.

Ndiyo. Nilipasua mmoja asubuhi ile ile. Punje nyekundu zilijaa mukono wangu, bado nzima, kama zimetoka tu kikapuni. Nikawazika wote kumi na mmoja mbele mama hajateremuka. Wale wawili walikuwa wameanguka mbali kwenye majani, sikuwaona, yeye akawaona. Benny alipokuja na chupa yake nilijua imetoka wapi. Sikusema ni kweli, sikusema ni uongo. Nilinyamaza, na watu wakasikia ndiyo.

Unamujua mama. Amezika watoto watatu, wa mwisho ni Jephté wako. Siku tuliyorudi kutoka kambini alikuta nyumba haina mabati, haina milango, mbuzi hakuna. Hakulia. Aliteremuka bwawani na fimbo yake, akahesabu, akapanda, akatuambia: "Wako wote. Basi na sisi tuko." Mutu huyo nimuambie nini? Kwamba mukono wake njo umewaua? Atalala na hataamuka. Wewe uko Goma, mimi njo nitakuwa ninamufunika.

Mufuko niliutoa. Nilimuambia mahindi yameisha. Hakuuliza, aliniangalia tu. Yule mudogo amekufa juzi, alimuzika mwenyewe nyuma ya jiko. Wa pili anasimama, anakula panzi.

Damascène simuchukii. Ni mutu mwema, alimutibu mbuzi wangu bila kuomba kitu. Lakini ng'ombe zina miguu, Mama Bénie. Ataenda Ngungu ao mbali zaidi, ataanza tena, bado kijana. Mama hana miguu ya kuanza tena.

Kuna shida moja na hii njo inayonifanya nikuandikie badala ya kunyamaza. Mbegu yako iligawanywa nyumba kwa nyumba siku ile ile Gentil alipoileta. Wanawake wamepatana kwamba siku ya Mungu baada ya misa, mbele watu hawajakaa kwa chef, watamwaga fungu tena. Vikapu viwili safari hii, kuwaomba misambi msamaha kwa ubaya wa Damascène. Mama njo atatangulia. Niliwaambia waweke mahindi ya chakula. Walinizomea: "Tuwape mabaki? Njo maana walikufa, mutu aliwadharau!" Siwezi kuwazuia bila kusema kwa nini.

Nisaidie. Andika barua fupi ya kusomwa kanisani, sema semence imekuwa haba Goma, kila punje iingie udongoni, fungu lingoje musimu ujao. Wanakuamini wewe. Ndege watapona, mama atapona.

Télesphore


Goma, tarehe 3 mwezi wa kumi 2025

Télesphore,

Siku ya Mungu, baada ya misa, misambi waliobaki watapewa sumu kwa vikapu viwili, kisha mutu asiye na kosa atatolewa kwenye kilima na watoto wane. Kati ya mambo hayo na leo kuna sentensi moja tu, nayo iko kinywani mwako.

Kumi na saba, toa kumi na mmoja, toa yule wa nyuma ya jiko. Watano. Musambi anataga mayai mawili, matatu akibarikiwa, na kifaranga anangoja miaka mpaka apate mwenzake. Ilituchukua miaka kumi na moja kutoka watatu kufika kumi na saba. Wewe unataka niwaokoe kwa barua ya musimu mumoja. Na musimu ujao niandike nini? Kwamba semence bado haba? Na mwaka ule mwingine? Mama akifa bila kujua, wasichana waliomufuata na kikapu watamwaga kama alivyowafundisha, na mbegu nyekundu itakuwa imejaa kila duka. Desturi ile ni nzuri. Itawaua wote kwa sababu ni nzuri na hakuna mutu aliyewaambia.

Barua ya kanisani siandiki.

Unasema ng'ombe zina miguu. Mimi pia nilikuwa na miguu. Niliteremuka kutoka Butembo nayo, na kila mahali tulipofukuzwa palikuwa na mutu mwema, mupole, mwenye Amani ya Bwana, aliyesema huyu bado kijana, ataanza tena mbele. Hayo ni maneno ya mutu anayebaki. Ningekuwa karibu ningekuambia uyarudie ukimuangalia Charline.

Sasa juu ya mama. Unamubeba kama yai, na mutu huyo amezika watoto watatu akiwa amesimama. Fikiri kidogo. Aliwapa mahindi wakaanguka, akaacha wakasimama, akawapa tena akaangalia. Damascène aliiangalia ile mikono na mama akaona anaangalia. Ulipomuambia mahindi yameisha, hakuuliza. Ana mutoto wa tumbo lake ndani ya nyumba, na alipotaka kujua alimuita mufugaji kwa mulango wa nyuma. Jiulize kwa nini hakukuita wewe. Mimi naona mama anakungoja. Labda nimekosea. Lakini usiniambie tena kwamba unanyamaza kwa ajili yake mbele haujamuuliza.

Kaa chini kwanza, usimuambie ukiwa umesimama juu yake. Umuambie mukono uliomwaga ulikuwa wake, mufuko ulikuwa wangu, na kimya kilikuwa chako. Kila mutu abebe mzigo wake, usimuachie yote. Kisha umuombe yeye mwenyewe aseme mbele ya wanawake, mulangoni mwa kanisa, mbele kikapu hakijanyanyuliwa. Akisema yeye, Benny hatafungua kinywa, na chef hatakuwa na mutu wa kumuhukumu. Wakitaka kukasirikia mutu, waje dukani kwangu. Nimeshaandika kwa kalamu nene kwenye kila mufuko mweupe, na wateja wawili leo wamerudisha semence mezani wakaondoka. Waende.

Gentil anapanda leo na gunia ya mahindi meupe ya chakula, hayajapakwa kitu. Hayo njo fungu. Nimeyachagua punje kwa punje na Bénie, hakuna atakayesema ni mabaki.

Amebeba na bahasha nyingine. Imeandikwa jina la Damascène. Ndani yake kuna barua yako ya jana. Mimi nimeisoma vya kutosha, siihitaji tena. Gentil anashuka kesho, siku ya posho, saa sita ya mchana, kutoka kwa mulango wako usio na mulango. Ukiwa umemupa jibu ninalotaka, bahasha inarudi kwangu haijafunguliwa na nitaichoma. Usipomupa, anaifikisha kwa Damascène mbele hajapanda moto, na mimi nitakuwa njiani jioni hiyo, nipate kukaa benchi la mbele asubuhi ya misa.

Na usijaribu kuniandikia ndiyo ya uongo. Chini ya neno lako mama aweke kidole chake. Wino kama uko, masizi ya chungu kama hakuna. Kidole chake nakijua, kina kovu la panga katikati.

Sitaki salamu. Sitaki methali. Neno moja.

Umemuambia mama, ndiyo ao hapana? Kesho, saa sita.

Kanyere